Mtungi Chini ya Mfereji: Namna ya Kumjua Mlinzi Hodari wa Hifadhidata

Pale Mtongwe, upande wa Likoni, kwenye mifereji ya kuuza maji, mitungi hupangwa foleni na wenyewe wakakaa kivulini. Hakuna anayenung'unika maadamu maji yanatoka. Sasa mmoja aweke mtungi wake chini ya mfereji, afunge koki, kisha aende dukani kununua sabuni. Maji yapo, mfereji ni mzima, na foleni imekwama. Wanaopiga kelele wako mkiani, lakini chanzo ni ule mtungi wa mbele ulionyamaza.

Hifadhidata ya ofisi hukwama vivyo hivyo. Karani anapofungua programu hupata kipindi chake kwenye seva. Akigusa mstari wa jedwali ili aurekebishe, seva huutia kufuli mpaka muamala wake uthibitishwe au utenguliwe. Kufuli lenyewe si baya. Bila hilo makarani wawili wangeitoa kontena moja kwa malori mawili. Elimu hii ni ya siku nyingi: Edgar Codd wa IBM aliandika juu ya majedwali yanayohusiana mwaka 1970, na miaka michache baadaye Jim Gray na wenzake, wa IBM vilevile, wakafafanua ngazi za makufuli. Kazi ya kuyachunga ndiyo ufundi ninaotaka tujifunze kuupima, kwa sababu huku Changamwe, penye yadi za makontena, kufuli moja lililosahaulika husimamisha malori barabarani.

Cha kwanza kutazama ni macho ya fundi yanaanzia wapi.

Nakumbuka alasiri moja katika yadi niliyokuwa nikifanya kazi. Stima ilipotea upande wa ofisi, lakini seva ilikuwa na betri zake, haikutikisika. Stima iliporudi makarani wakafungua programu upya, na punde hakuna aliyeweza kutoa hati ya getini. Kijana wetu wa hifadhidata alifungua pg_stat_activity, orodha ya vipindi ya PostgreSQL, akaona vipindi 31 vinangoja kufuli, akaanza kuvikata kimoja kimoja. Kila alipokata, karani alibofya tena, na kipindi kikarudi foleni.

Mzee aliyetufunza kazi alivuta kiti. "Mwanangu, hawa wote wanangoja. Wanamngoja nani?"

"Naona wanangojana wenyewe kwa wenyewe, mzee."

"Wangekuwa wanangojana, seva ingeshamtoa mmoja wao. Yupo asiyengoja mtu. Mtafute huyo."

Mzee alitumia pg_blocking_pids, iliyoingia PostgreSQL toleo la 9.6 mwaka 2016, ambayo ukiipa namba ya kipindi hukutajia namba za wanaokizuia. Akafuata kamba: wengi wamezuiwa na mmoja, huyo naye amezuiwa na mwingine, na yule wa mwisho hakuzuiwa na yeyote. Hali yake iliandikwa "idle in transaction". Maana yake amefungua muamala na hafanyi lolote. Muamala ule ulianza kabla stima haijapotea. Kompyuta ya karani ilikuwa imezimika bila kuaga, na seva ya Linux, usipobadilisha mipangilio, hukaa saa 2 kabla haijaanza kuuliza kama upande wa pili bado uko hai. Kwa muda wote huo kufuli lingebaki mkononi mwa maiti. Mzee alikata kipindi kimoja tu, na vile 31 vikaondoka kwa mpigo.

Ndiyo maana nasema fundi asiyejua hupambana na mkia, na fundi hodari hupanda hadi kichwani. Asiyejua hutafuta pia anayetumia nguvu nyingi za mashine, kumbe mzuiaji aghalabu amelala. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kisha mwangalie anavyosoma. Katika pg_stat_activity, kipindi kilicholala huonyesha swali lake la mwisho, nalo si lazima liwe ndilo lililofunga kufuli. Huenda ni SELECT ndogo isiyo na hatia, na lililofunga lilipita mapema zaidi ndani ya muamala uleule. Fundi wa kweli hulinganisha wakati muamala ulipoanza na wakati swali lilipoanza, na pengo likiwa kubwa humwendea mwandishi wa programu. Kwenye MySQL, kipindi kama hicho huonekana "Sleep" katika SHOW PROCESSLIST na safu ya swali ikiwa tupu, kwa hiyo anayeishia hapo hataona kitu. Itabidi afungue sys.innodb_lock_waits, inayomweka anayengoja na anayemzuia kwenye mstari mmoja.

Mkono wake katika kukata unasema mengi. Kwa kipindi kilicholala, pg_cancel_backend haisaidii kwa kuwa hakuna swali la kusitisha. Inahitajika pg_terminate_backend. Na kabla hajakata muamala uliogusa mistari milioni kwenye MySQL, atakuuliza umekwenda muda gani, kwa sababu kuutengua kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko ulivyokwenda. Anayekata bila kuuliza namwogopa.

Ipo pia mitego inayomfichua mtu. MySQL humwacha anayengoja mstari sekunde 50, kisha humrudishia kosa la 1205. Wengi hudhani muamala wote umetenguliwa, kumbe kwa kawaida ni ile amri moja tu, na makufuli ya awali bado yameshikwa. Mtego mwingine ni wa kubadilisha umbo la jedwali mchana wa kazi. ALTER TABLE ikingoja nyuma ya ripoti ndefu, kila anayekuja baadaye, hata anayetaka kusoma tu, hupanga foleni nyuma yake. MySQL humruhusu anayengoja kufuli la namna hii kukaa sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima. PostgreSQL haimwekei kikomo chochote. Fundi mwenye adabu huweka kikomo cha sekunde chache kabla ya kutoa amri, na akishindwa hurudi usiku.

Nyumba nzuri ya data pia hujitambulisha. Ukikuta vipindi 200 vyote vinaingia kwa jina moja la mtumiaji, bila application_name, ni sawa na malori yaliyofutwa namba za usajili: ajali ikitokea humjui wa kumwita. Natoa alama nyingi kwa anayeweka jina la kila programu, kuliko anayeniwekea michoro ya rangi ukutani.

Michoro hiyo isikudanganye. Skrini isiyo na anayengoja hata mmoja huenda inaonyesha ofisi isiyo na kazi. Katika hifadhidata yenye afya watu hungoja, ila kwa kitambo kidogo mno. Na miamala miwili ikikutana kama mikokoteni kichochoroni Kisauni, kila mmoja ukiwa umeziba njia ya mwenzake, seva yenyewe huurudisha mmoja. PostgreSQL huanza kukagua baada ya sekunde 1. Mkwamo huo ukijirudia kila siku, dawa yake ni programu zote kushika majedwali kwa mpangilio mmoja.

Mwisho nafungua daftari la fundi. SHOW ENGINE INNODB STATUS huhifadhi mkwamo wa mwisho pekee, hivyo asiyeandika hupoteza ushahidi. Alasiri ile mzee hakuinuka kitini mpaka aliporekodi saa, namba ya kipindi na jina la jedwali, akaweka idle_in_transaction_session_timeout ya dakika 5, kisha akaenda kwa yule karani kumweleza kwamba hakukosea.

Ukitaka kuajiri mtu wa kazi hii, usimhoji vyeti kwanza. Mwekee skrini yenye vipindi 30 vinavyongoja, nyamaza, utazame kidole chake kinaelekea wapi.