Daladala yenye pedali

Rafiki yangu wa Shinyanga aliandika hadithi fupi. Mama anashuka stendi usiku, anapanda daladala, anamshika dereva kiuno ili asidondoke. Mhariri wake, mtu wa Dar, akamrudishia: "Daladala unashika bomba, hushiki kiuno. Weka baiskeli." Rafiki yangu akaweka baiskeli. Nimesoma matoleo yote mawili, na la pili limepoa.

Mhariri naye ana hoja. Neno lilizaliwa Dar miaka ya 1980, mabasi ya watu binafsi yalipoziba pengo la UDA. Simulizi tuliyoizoea inasema nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa "dala", na makonda wakaipigia kelele mpaka ikawa jina la gari. Sawa. Lakini Shinyanga daladala ni baiskeli ya abiria: kiti cha sponji nyuma, pedali mbele, na kijana anayetoka jasho ili wewe ufike. Ukiandika "baiskeli" tu, umeifuta kazi yake. Inaweza kuwa baiskeli ya mtu anayekwenda zake shambani.

Bodaboda imepita njia ya kinyume. Ilianza kama baiskeli ya kuvusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Leo ni pikipiki. Ukienda Geita utaikuta imebeba abiria, au viroba vya mawe ya dhahabu kuelekea kwenye karasha.

Tena bodaboda ni chombo na ni mtu. Hapo ndipo waandishi wetu wengi wanapoteleza. "Bodaboda imeanguka" ni habari ya pikipiki. "Bodaboda ameanguka" ni mtoto wa mtu. Ukiandika "bodaboda zimekamatwa", naona pikipiki zimepangwa kituoni. Ukiandika "wamekamatwa", nauliza nani kawapelekea chakula. Silabi moja tu, jamani, na hadithi nzima inabadilika.

Kwa hiyo siwalaumu wahariri peke yao. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunakubali haraka mno kwamba maana ya Dar ndiyo maana, na yetu ni kosa la kusahihishwa.

Ndugu yangu, irudishe daladala yako. Msomaji wa Dar atashtuka kidogo mama akishika kiuno. Mstari unaofuata, kilima kikianza na kijana akisimama kwenye pedali, ataelewa mwenyewe.