Pumzi Kati ya Magurudumu Mawili

Siku helikopta ya kampeni ilipotua kwenye uwanja wa shule, bibi yangu alikuwa uani akipepeta uwele. Kiangazi cha Mpwapwa ni vumbi jekundu na upepo unaoteremka kutoka milima ya Kiboriani, na bibi aliujua upepo huo kama mtu anavyomjua jirani yake wa siku nyingi. Ulipovuma aliinua ungo, ulipotulia aliushusha. Siku ile ukaja upepo asioujua. Uwele na makapi vikaruka pamoja. Akaufunika ungo kwa kanga, akatazama juu, akauliza, “Hicho kinapumua nini?”

Sisi watoto tulikwishakimbilia uwanjani, hakubaki wa kumjibu. Jibu lake nimelitafuta miaka mingi.

Kilichotua kilikuwa AS350, helikopta ambayo Wafaransa waliipa jina la kindi. Aina hiyo hiyo, katika toleo la B3, imekuwa ikiwashusha wagonjwa kutoka Kilimanjaro. Ndani ya B3 mna injini moja ya ukoo wa Arriel. Ukiitazama imelala mezani hutaamini: uzito wake ni kama gunia moja la mahindi na nyongeza kidogo, nayo inatoa nguvu za farasi zaidi ya 800. Inakunywa mafuta ya ndege, ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa tuliyotia kwenye koroboi tukasomea usiku.

Kuielewa, anza na mashine ya kusaga. Kila mtoto wa Mpwapwa ametumwa huko na debe kichwani. Injini ya dizeli upande huu, kinu upande ule, katikati mkanda. Ukimimina nafaka nyingi mno kinu kinakabwa, na kwa kuwa mkanda umevifunga pamoja, injini nayo inaguna, moshi unakuwa mweusi, mwenye mashine anapiga kelele.

Arriel haina mkanda. Mbele kuna kompresa, yaani magurudumu yenye mapanga madogo yanayovuta hewa na kuikandamiza. Hewa hiyo inaingia kwenye chumba cha moto chenye umbo la pete. Mafuta hayapulizwi humo kwa vijitundu vya pembeni kama nilivyodhani. Yanapitishwa ndani ya shafti hadi kwenye gurudumu linalozunguka, nalo linayarusha pande zote, kama mtu anayekung'uta maji mkononi, yakawa ukungu unaoshika moto. Gesi inayotoka inasukuma turbini ya kwanza, na kazi ya turbini hiyo ni kuendelea kuvuta hewa tu. Inazunguka zaidi ya mara 50,000 kwa dakika. Nyuma yake ndipo lilipo jambo lililonifanya niandike insha hii: turbini ya pili, iliyo huru, isiyoshikana na ya kwanza kwa shafti wala kwa gia. Kati yao kuna pumzi ya moto, basi. Gesi inapita kutoka gurudumu moja hadi jingine, na hilo la pili ndilo linalobeba helikopta, baada ya gia kuupunguza mwendo wake mpaka mapangaboi ya juu yazunguke taratibu, karibu mara 390 kwa dakika. Mapangaboi yakilemewa, turbini ya mbele haikabwi. Rubani akitaka nguvu zaidi, inaongezewa mafuta, na pumzi inazidi.

Kampuni iliyoizaa Arriel, Turbomeca, ilianzishwa mwaka 1938. Mmoja wa waasisi wake alikuwa Joseph Szydlowski, mzaliwa wa Poland. Ilijenga kiwanda Bordes, chini ya milima ya Pyrenees, ikawa inaziita injini zake kwa majina ya maziwa na vilele vya milima ile. Artouste ni ziwa. Mwaka 1955 injini ya jina hilo iliirusha Alouette II, helikopta ya kwanza ya turbini kutengenezwa kwa wingi. Arriel ni kilele, na injini yake iliwashwa mara ya kwanza mwaka 1974. Tangu hapo ukoo umetawanyika. Walinzi wa pwani wa Marekani wanaokoa nao watu baharini. Wachina waliitengeneza Arriel kwa leseni wakaiita WZ-8, wakaifunga kwenye helikopta yao ya Z-9, ambayo Jeshi la Anga la Kenya nalo linairusha. Tarehe 14 Mei 2005 Didier Delsalle alitua na AS350 B3 kwenye kilele cha Everest, mita 8,848, mahali ambapo hewa yenyewe ni haba.

Kwetu hewa si haba, ila ina mchanga. Wapagazi wa misafara ya kwenda Ujiji walikuwa wakijaza vibuyu Mpwapwa kabla ya kuikabili Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka, na vumbi lile walilolimeza wao ndilo linaloingia leo kwenye mdomo wa injini. Linayalamba mapanga ya kompresa kidogo kidogo hadi makali yake yapotee. Kwa hiyo mbele ya mdomo hufungwa chujio lenye mirija midogo inayoipindua hewa kwa kasi. Chembe nzito zinatupwa pembeni, hewa nyepesi inaendelea ndani. Nilipoonyeshwa chujio hilo nilimwona bibi na ungo wake.

Aliyenionyesha ni fundi mmoja wa makamo aliyeniruhusu kusimama kando ya kazi yake. Aliosha kompresa kwa maji safi. Akafungua kizibo chenye sumaku kwenye njia ya oili, akakiweka mwangani kutafuta unyoya wa chuma, dalili kwamba ndani kuna kinachosagika. Akapitisha ukucha wake kwenye ukingo wa kila panga aliloweza kulifikia. Injini imegawanywa katika moduli tano, aliniambia, ili sehemu iliyochoka itolewe peke yake bila kuivunja yote. Nilimuuliza ni kipi kigumu kuliko vyote.

“Kusikiliza, ndugu yangu. Fundi wa gari anaisikiliza injini ikiwaka. Mimi naisikiliza ikizimwa.”

Jioni rubani alirudi, akazima. Mluzi ukaanza kushuka, mwembamba, mrefu, na fundi akasimama karibu, kichwa amekiinamisha upande mmoja, mkono ameuinua ili mtu asiseme. Alikuwa akitafuta mkwaruzo. Mapangaboi yakapoteza kasi, yakasimama, naye bado hajashusha mkono. Kisha akaushusha, akachukua kifuniko chekundu, akauziba mdomo wa injini, akakaza kamba zake mbili, maana upepo ulikuwa umeanza.