Riyadha ya Langoni

Mji wa Lamu ulikuwa na misikiti tele kabla mwanachuoni Habib Swaleh hajafika. Nyumba za mawe, waungwana, masharifu na maulamaa wake, vyote vilikuwapo. Yeye alitoka Ngazija akaja Lamu mwishoni mwa karne ya 19, akachagua kukaa upande wa Langoni, kwenye vibanda vya udongo na makuti. Huko ndiko alikosomesha, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo watumwa wa zamani na watu ambao wakubwa wa mji hawakudhani kuwa elimu ya dini inawahusu. Wapo waliochukia. Hata matari aliyoyaingiza katika Maulidi ya Habshi, kisomo cha kumsifu Mtume, yaliwakera baadhi yao.

Msikiti wake wa Riyadha ulijengwa hapo Langoni mwaka 1900. Nausifu, lakini si kwa kuta zake, maana Lamu kuna mikongwe kuliko huo. Nawasifu waliousimamisha na wanaouweka hai hadi leo. Ukitaka kuwaona, nenda wakati wa Maulidi, mwishoni mwa mwezi wa Mfungo Sita. Wageni wanatoka Unguja, Uganda, hata Kongo. Wenyeji hupisha vyumba, masufuria ya pilau hukesha jikoni, na vijana wa madrasa hujipanga safu mbili wakiyumba pamoja huku matari yakilia.

Habib alifariki mwaka 1935. Wanawe wakaendeleza darasa, na wanafunzi waliohitimu hapo wamekwenda kusomesha katika miji mingi ya Afrika Mashariki.