King Majuto na Karatasi za Mikataba

Mwaka 1981 Edward Asner, aliyezoeleka kwenye televisheni za Marekani kama mhariri mkali Lou Grant, alichaguliwa kuongoza chama cha waigizaji wa filamu wa nchi hiyo, chombo cha kutetea malipo na mikataba yao. Mwaka huohuo, huku Tanzania, Bagamoyo ikapata Chuo cha Sanaa, TaSUBa ya leo. Chuo kimewafunza wengi kusimama jukwaani. Kudai malipo ni somo jingine.

Somo hilo pwani ya kaskazini ililipata kwa mchekeshaji Amri Athumani wa Tanga, yaani King Majuto. Huyu hakumbukwi kwa cheo cha chama. Anakumbukwa kwa wazee wabishi aliowaigiza, wenye tamaa na ujanja uliowarudia wenyewe, na kwa uso ulioanza kuchekesha kabla mdomo haujafunguka. Wachekeshaji wachache wamemfikia.

Mwaka 2018, alipokuwa mgonjwa, mikataba yake ya matangazo ikawa gumzo la nchi. Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kuhakiki mikataba ya wasanii, kazi ambayo kwingineko hufanywa na chama imara (na ingefaa ifanywe mapema!). Majuto alifariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo, suala la mikataba likiwa tayari limefika mezani kwa serikali.