Mkanda wa Pedro: Carlos Acosta katika Kitabu na katika Filamu

Ni desturi kumfananisha Carlos Acosta na kijana wa filamu ya Billy Elliot (2000), mtoto wa mchimba makaa anayeng'ang'ania kucheza baleti huku babaye akimkataza. Ulinganisho huo unakipindua kisa. Katika No Way Home, tawasifu iliyotolewa London mwaka 2007, anayeng'ang'ania ni baba. Mtoto anataka kandanda. Anatoroka masomo, anafukuzwa shule kwa utovu wa nidhamu, na kila mara Pedro Acosta, dereva wa lori wa mtaa wa Los Pinos jijini Havana, anamrudisha kwenye baleti, pengine kwa mkanda. Sababu zake si za kisanaa: shule ilikuwa ya bure, ilitoa chakula cha mchana, na ilimwepusha mtoto na mitaa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1990, akiwa na miaka 16, Acosta alitwaa medali ya dhahabu katika mashindano ya Lausanne, Uswisi. Akapitia English National Ballet, kisha Houston Ballet, na mwaka 1998 akaingia Royal Ballet ya London, mtu mweusi wa kwanza kufikia daraja la mchezaji mkuu katika kundi hilo.

Hapo ndipo kitabu kinapopungua nguvu. Sura za utotoni zina njaa, kelele za majirani na hofu ya baba. Sura za ushindi zinaelekea kuwa orodha ya miji na majukwaa, kama zilivyo tawasifu nyingi za wasanii. Hata hivyo upweke haumtoki msimulizi, na jina la kitabu linakiri kwamba hakuna njia ya kurudi kwao.

Mkataa kwao mtumwa, husema wazee wetu, na sisi tulio ughaibuni tumeisikia methali hiyo mara nyingi, aghalabu kama karipio. Tuiweke kando ya filamu ya Yuli (2018), iliyoongozwa na Icíar Bollaín kutokana na kitabu hicho. Humo Pedro anampeleka mwanawe kwenye magofu ya shamba ambako wahenga wao walikuwa watumwa, akamweleza kwamba jina la Acosta ni la mwenye shamba. Kisha ni Pedro huyohuyo anayemtaka kijana aende ng'ambo na abaki huko. Anaujua utumwa wa ukoo wake vizuri kuliko yeyote, na hauoni katika kuondoka. Mwana ndiye anayelilia kwao.

Lakini ubora wa filamu uko kwingine. Acosta, akijiigiza mwenyewe katika utu uzima, anatayarisha mchezo wa jukwaani kuhusu maisha yake. Katika sehemu moja kijana anayecheza nafasi ya Carlos anapigwa mkanda, na anayecheza nafasi ya baba, mkanda mkononi, ni Acosta. Kitabuni mapigo husamehewa upesi mno, kwa kuwa msimulizi anaujua mwisho, na mafanikio yanamtetea baba kabla msomaji hajauliza lolote. Jukwaani utetezi huo haupo. Mwili uliopigwa sasa unapaswa kujifunza uzito wa mkono unaopiga, na kuufanya uzito huo upendeze macho, jambo ambalo kwa hakika linatisha. Sijaona uhakiki mkali zaidi wa tawasifu hiyo, nao umefanywa na mwandishi wake. Swali la kazi hii ni ya nani, aliyeicheza au aliyeilazimisha, linabaki pale jukwaani bila jibu.

Acosta aliiaga Royal Ballet mwaka 2015, akiwa na miaka 42, umri ambao wachezaji wengi wa baleti huwa wamekwisha kuacha. Tangu 2020 anaongoza Birmingham Royal Ballet, na huko Havana ameanzisha kundi lake, Acosta Danza. Wanaotaka kuiona njia ya kurudi katika kundi hilo wana haki, ingawa kitabu, kilichoandikwa kabla yake, hakiwezi kuwaunga mkono.