Mbegu Ndiyo Karantini: Ua la Usambara Kutoka Tanga Hadi Dirisha la Ngokolo

Jani moja la ua la Usambara likichomekwa kwenye kopo la mchanga wenye unyevu hutoa mizizi baada ya wiki chache, na miezi miwili au mitatu baadaye vichipukizi hujitokeza kwenye kitako chake, kila kimoja kikiwa nakala ya mama. Wepesi huo ndio uliolieneza ua hili duniani, jirani akimkatia jirani jani na kulifunga kwenye mfuko wa nailoni. Wepesi huo huo ndio unaowakatisha tamaa wengi wanaolipanda kwa mapenzi tu, bila nia ya biashara, kwa sababu jani aghalabu haliingii nyumbani peke yake. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba anayetaka kuzalisha maua haya mahali kama Ngokolo, mjini Shinyanga, aanze na mbegu, na jani aliachie kazi ya kuongeza idadi ya mmea ambao umeshakaa kwake na kuthibitika kuwa safi. Kuzalisha aina mpya na kupambana na wadudu ni kazi moja, na anayezitenganisha hushindwa zote mbili.

Tazama kwanza kazi yenyewe ilivyofanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliukuta mmea huu kwenye mawe ya chokaa karibu na mji na kwenye misitu ya Usambara. Kusema aliugundua ni kuwasahau Wasambaa na Wabondei waliopita kando yake vizazi kwa vizazi. Alichofanya ni kupeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Baba akazifikisha kwa Hermann Wendland, mkurugenzi wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akauandika kitaalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wanasayansi waliuhamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, ingawa wapenzi wa maua wameng'ang'ania jina la zamani. Baada ya maandishi ya Wendland, kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ilianza kuuza mbegu zake. Katika miaka ya 1920 kitalu cha Armacost & Royston cha Los Angeles kikaagiza mbegu kwa Benary na kwa Sutton ya Uingereza, kikaotesha miche kwa wingi, kikachambua na kutupa, na mwaka 1936 kikatoa aina kumi tu. Mojawapo ilikuwa 'Blue Boy', ambayo damu yake imo katika maua mengi yanayouzwa hadi leo.

Ukiifuatilia safari hiyo utaona kwamba kila lilipovuka bahari au kubadili mikono katika hatua zile za mwanzo, ua hili lilisafiri ndani ya mbegu, na uteuzi ulifanyika kati ya miche iliyotokana na mbegu. Jani lilikuja nyuma. 'Blue Boy' alipokwisha kuchaguliwa ndipo majani yake yalipokatwa kwa maelfu. Hapa mpinzani wa hoja yangu ana neno la maana, na halifai kupuuzwa: katika maelfu hayo ya nakala ndimo yalimojitokeza mabadiliko ya ghafla yaliyoleta ua lenye petali za tabaka mbili, ua la waridi, na mwaka 1941 'Blue Girl', ambaye jani lake lina doa jeupe pale linapokutana na kikonyo. Kwa hiyo jani nalo limewahi kuzaa kipya. Ni kweli. Lakini mabadiliko ya namna hiyo hutokea mara chache mno, na vitalu vya Marekani viliyaona kwa sababu vilikuwa na nakala nyingi kupindukia mbele ya macho yao. Mwenye makopo manane dirishani anaweza kukata majani miaka ishirini asione lolote isipokuwa mama yule yule. Mtu huyo huyo akichavusha maua mawili mara moja tu, atapata miche isiyolingana kwa uwiano na rangi ya jani, na kizazi cha pili kitampa pia tofauti za rangi ya ua. Kwa mwenye nafasi ndogo, mbegu ndiyo yenye faida kubwa zaidi.

Sasa tuwageukie wadudu. Adui mbaya kuliko wote hapa ni utitiri unaoishi kwenye kitovu cha mmea, pale majani machanga yanapofunguka. Urefu wake ni kama robo ya milimita, kwa hiyo jicho halimwoni. Kinachoonekana ni majani ya katikati kubanana, kuwa ya kijivu, kujaa manyoya na kuvunjika kama biskuti, huku maua yakitoka yamepinda. Mwingine ni kidung'ata, ambaye mtu wa Shinyanga hahitaji kuelezwa sura yake: ni kama nyuzi za pamba zilizonasa kwenye pembe ya kikonyo na jani. Ana ndugu yake anayekaa kwenye mizizi, na huyo hujulikana tu pale mmea unapochomolewa kwenye kopo na unga mweupe ukaonekana umeshika ukuta wa ndani. Wa tatu ni kithiripi, mdudu mwembamba kama kipande cha uzi, anayekula chavua na kuacha vumbi la njano juu ya petali. Wote hawa husafiri kwenye jani, kwenye udongo au kwenye mmea mzima. Hakuna hata mmoja anayesafiri ndani ya mbegu iliyosafishwa. Hiyo ndiyo maana ya kuiita mbegu karantini: inakata mnyororo bila dawa yoyote.

Kanda ya pamba, Shinyanga ikiwemo, inaijua kanuni hii kwa jina jingine. Kila msimu wakulima hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno, ili wadudu wakose pa kulala hadi mvua zijazo, na msimu mpya uanzie kwenye mbegu na shamba jeupe. Anayeacha maotea shambani anawawekea wadudu nyumba ya wageni. Na pale Ukiriguru, watafiti wa pamba hawakumkabili chawajani kwa kumnyunyizia tu. Walichagua, kizazi baada ya kizazi, mimea yenye manyoya kwenye majani ambayo mdudu huyo anashindwa kuishambulia vizuri. Kinga iliwekwa ndani ya mbegu kabla mkulima hajafika dukani. Manyoya ya ua la Usambara hayana kazi hiyo, lakini mantiki ya uteuzi ni ile ile: kati ya miche arobaini ya uzao mmoja, ipo itakayodumaa kwa joto la Oktoba na ipo itakayosimama, na tofauti hiyo haionekani kamwe kwenye nakala arobaini za jani moja.

Kithiripi anastahili aya yake, kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye sura ya ua. Chavua ya ua hili imefungwa ndani ya vifuko viwili vya njano vilivyobana kama punje ya maharage iliyopasuliwa. Msituni, nyuki huitikisa kwa mtetemo wa misuli ya mabawa hadi imwagike. Nyumbani hakuna nyuki, kwa hiyo mzalishaji huamini kwamba ua lisiloguswa halitabeba. Kithiripi anaivunja imani hiyo. Anapasua vifuko ili ale, kisha anatembea na chavua mwilini kutoka ua moja hadi jingine. Tumba la mbegu linavimba, mwenyewe anaandika kwenye daftari kwamba ni matokeo ya uchavushaji wake, kumbe baba ni mwingine kabisa. Miezi inapita kabla kosa halijajulikana, na wakati mwingine halijulikani milele. Daftari lenye uongo ni hasara kubwa kuliko majani yaliyochubuka, maana kila hatua inayofuata itajengwa juu yake.

Kwa sababu hiyo uchavushaji hufanyika hivi. Ua litakalokuwa mama hufunguliwa kabla halijachanua, na vifuko vyake vya chavua huondolewa kwa kibanio cha nyusi. Siku chache baadaye kijiti chembamba kinachoegemea upande mmoja, kulia au kushoto, huwa na ncha inayong'aa na kunata. Hapo kifuko kutoka ua la baba hupasuliwa kwa sindano juu ya karatasi nyeusi, unga unaomwagika huguswa kwa ncha ya kiberiti, na kiberiti hugusishwa kwenye ncha ile yenye kunata. Lebo ya uzi yenye majina ya wazazi wote na tarehe hufungwa saa hiyo hiyo. Uchavushaji ukishika, kitako cha ua huanza kuvimba ndani ya wiki moja au mbili, na tumba huchukua kati ya miezi minne na sita au zaidi kukauka na kugeuka kahawia. Ndani yake kuna mbegu laini kama ugoro. Tumba lifunguliwe juu ya karatasi nyeupe mbali na mimea mingine, maganda yatupwe, mbegu zibaki peke yake, maana kidung'ata anaweza kuwa amejibanza nje ya ganda na karantini yote ikapotea kwa uvivu wa dakika mbili.

Watakaopinga watasema mbegu hairudishi mama. Ukiwa na ua la waridi ulipendalo na ukalichavusha na la buluu, miche karibu yote itatoa buluu, kwa kuwa buluu huitawala waridi. Ndiyo, lakini waridi halijafa; limejificha. Ukiwachavusha ndugu wawili wa kizazi hicho, takriban mche mmoja kati ya minne utarudisha waridi, na baadhi ya hiyo itakuwa imebeba pia ustahimilivu wa babu yake wa buluu. Petali za tabaka mbili na lile doa jeupe la 'Blue Girl', kwa upande wao, hutawala, kwa hiyo huonekana tangu kizazi cha kwanza. Anayetaka nakala kamili, basi akate jani, ila akate la mmea uliokaa chumba cha peke yake miezi mitatu bila dalili.

Pingamizi zito zaidi hapa kwetu ni la dawa. Duka la pembejeo liko karibu, chupa ya dawa ya pamba iko ghalani, kwa nini mtu asinyunyizie tu akamaliza kazi? Kwa sababu kazi haimaliziki. Kithiripi hutaga mayai ndani ya nyama ya jani na hugeuka kuwa mdudu kamili akiwa kwenye udongo, kwa hiyo dawa inayogusa uso wa jani huwakosa walio ndani na walio chini. Utitiri umefichwa kwenye kitovu. Na dawa nyingi za pamba za kundi la pairethroidi hazimwezi utitiri. Huwaua wadudu wanaomla, naye akabaki kufurahia uwanja mtupu. Zaidi ya yote, dawa ya shambani imekadiriwa kwa ekari zilizo wazi kwa upepo, haikukusudiwa chumba wanamolala watoto. Vidung'ata wachache wafutwe kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Kithiripi anyimwe chakula kwa kukata maua yote na kuyafungia kwenye mfuko kwa wiki kadhaa. Mmea wenye dalili za utitiri wa kitovu uchomwe, hata kama ni ule unaoupenda kuliko yote.

Wapo pia wanaovutiwa na okidi za kiatu, zile ambazo petali moja imejikunja kama ncha ya ndala. Nazo zinaunga mkono hoja hii kwa njia yao. Wazalishaji wa jamii ya Paphiopedilum, ambazo asili yake ni Asia, wameshindwa kwa muda mrefu kuzinakili kwa urahisi maabara kama wafanyavyo kwa okidi nyingine, kwa hiyo karibu maendeleo yao yote, tangu mseto wao wa kwanza ulipochanua mwaka 1869, yamepita kwenye mbegu. Ila mbegu ya okidi haina akiba ya chakula. Huota kwenye chupa iliyotakaswa, na ua la kwanza husubiriwa miaka. Spishi zake za porini ziko kwenye orodha ya ulinzi mkali kabisa ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Kwa dirisha la Ngokolo, ua la Usambara linafundisha ufundi ule ule kwa muda mfupi zaidi. Na asiwepo atakayefikiri kwenda kuling'oa Amani au Uluguru: aina nyingi za porini zimebaki kwenye vipande vidogo vya msitu, na mmea wa porini huja na wadudu wake vile vile.

Kinachobaki ni hali ya hewa. Mmea huu umezoea kivuli cha msitu na jiwe lenye unyevu. Shinyanga ina kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba chenye vumbi na hewa kavu. Dirisha la mashariki lenye pazia jepesi linatosha kwa mwanga. Maji ya Ziwa Victoria yanayofika kwa bomba hayana chumvi nyingi, tofauti na ya visima vingi, na yakilazwa kwenye ndoo usiku kucha huwa na joto la chumba, jambo la lazima kwa kuwa maji ya baridi huacha madoa ya duara kwenye jani. Udongo mzito wa mbuga usitumike. Pumba za mpunga zilizochomwa hadi kuwa nyeusi, zikichanganywa na mboji iliyochemshwa kwa mvuke na mchanga wa mtoni, hupitisha hewa na hazina kidung'ata wa mizizi. Kalenda nayo ipangwe kwa kuhesabu nyuma. Uchavushaji wa Juni huiva kati ya Oktoba na Desemba, au baadaye kidogo, wakati mvua zinapoanza. Mbegu hunyunyizwa juu bila kufukiwa, kwa sababu zinahitaji mwanga, kisha kopo hufunikwa kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Katika wiki ya pili au ya tatu huonekana vidoa vya kijani vidogo kuliko ulezi, na mche una miezi yote ya mvua ya kujaza mizizi kabla pepo kavu hazijarudi.