Hongereni, Wahesabu Mayai ya Kichocho

Pongezi nyingi huwaendea wanaotibu. Leo tuwape wanaohesabu: watafiti wa kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na mafundi wa maabara wa wilaya za Simiyu.

Kazi yao haina mbwembwe. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai ya kichocho cha mkojo yanapotoka kwa wingi, wanafunzi hupewa vikopo. Mililita 10 za mkojo husukumwa kwa bomba la sindano kupitia kichujio, kisha fundi huinamia hadubini na kuhesabu yai mojamoja. Lenye mwiba mwishoni ni la kichocho cha mkojo, kinachosumbua vijiji vya malambo kama vya Itilima. Lenye mwiba ubavuni, ambalo hutafutwa kwenye kinyesi, ni la kichocho cha tumbo, kinachotamba ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Busega. Mayai ya kichocho cha mkojo yakifika 50 katika mililita hizo 10, maambukizi ni makali.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha shule ipi ipewe vidonge vya prazikwanteli, na kama vya mwaka uliopita vilifanya kazi. Tena mpinzani wao ni mjanja: konokono wa malambo, anayebeba vimelea vya kichocho, huvumilia kiangazi ndani ya tope kavu, na mvua zikirudi, naye yumo.

Dawa bila hesabu ni kubahatisha. Wanaotuepusha na kubahatisha wanastahili vifaa, posho kwa wakati na heshima yetu.